Kucha za kubebea magogo kwenye loda ya trekta: oili niitoe wapi?

#1 MwanaMufindi

Wakuu, habari za kazi.

Niko Mafinga, nina kiwanda kidogo cha kupasua mbao. Magogo mengi ni ya paini kutoka Sao Hill, mengine ni milingoti (mikaratusi) ya watu binafsi. Trekta langu ni la pawa 75, fo-wili, lina loda ya mbele yenye kazi mbili tu: kunyanyua na kupindua. Mpaka sasa tunabeba kwa uma na mnyororo. Kijana anashuka, anafunga, anapanda. Akifika kwenye meza ya msumeno anashuka tena kufungua.

Mwezi uliopita gogo lilibiringika kutoka kwenye uma, likarudi nyuma juu ya mikono ya loda, likaja kusimama kwenye boneti. Lilikuwa gogo la kawaida, kipenyo sentimita 30, urefu mita 4. Bichi kama lile lina kilo 250 hivi. Dereva ni mdogo wangu wa tumbo moja. Usiku ule sikupata usingizi.

Nimechomelesha kucha za kukamatia. Zina jeki mbili, kipenyo cha ndani milimita 50, mwendo milimita 200. Chuma kimekaa vizuri. Kilichobaki ni oili ya kuzifungua na kuzifunga, na hapo kila fundi ana lake. Wa kwanza anasema nivute hozi kutoka plagi za nyuma, zile tunazochomekea tela la kutip. Wa pili anasema niweke vali ya kuchepusha kwenye hozi za kupindua, yenye kitufe kwenye leva. Wa tatu anasema nikate laini ya pampu, niweke vali ya kazi ya tatu inayojitegemea. Ya tatu inanigharimu karibu mara tatu ya ile ya pili.

Naomba mwenye uzoefu anieleze kwa undani. Pesa ninayo ya kufanya mara moja tu.

#2 KijanaWaTela

Plagi za nyuma mkuu. Hozi mbili ndefu, kapla (viungo vya kuchomeka) mbili, kazi imeisha. Mimi natumia mwaka wa pili huu.

#3 MzeeWaSpana

Mwanangu, pole kwa gogo hilo, na mshukuru Mungu lilisimama kwenye boneti.

Kabla hujanunua chochote jibu maswali mawili. Pampu ya trekta yako ni ya gia au ya pistoni? Na vali ya loda yako imechukua oili wapi: moja kwa moja kwenye pampu, au kwenye plagi za nyuma?

Nauliza kwa sababu kuna mifumo miwili, na vali ya mfumo mmoja ukiiweka kwenye mwingine unaua pampu. Mfumo wa senta wazi, ambao uko kwenye trekta nyingi za pawa 50 hadi 90 huku kwetu, una pampu ya gia inayosukuma oili muda wote. Leva zikiwa katikati, oili inapita katikati ya kila vali na kurudi tangini bila kazi, presha ndogo kabisa. Mfumo wa senta iliyofungwa, kama John Deere za zamani aina ya 3140, una pampu ya pistoni. Hapo oili imesimama mlangoni ikiwa na presha, inasubiri ufungue. Sasa chukua vali ya senta iliyofungwa uiweke mbele ya pampu ya gia: oili inakosa pa kupita, rilifu (vali ya kuachia presha ikizidi) inafunguka muda wote, na kabla ya saa sita mchana tangi halishikiki. Fanya kinyume chake kwenye pampu ya pistoni, oili itakimbia bure siku nzima na presha hutaiona.

Kuhusu nguvu usihangaike. Jeki ya 50 ina eneo la sentimita za mraba 19.6. Kwenye bar 180 inasukuma kama tani 3.6. Tuseme toka pini ya kucha hadi jeki ni sentimita 15, na toka pini hadi ncha ni 60: nguvu inagawanyika kwa nne, ncha inabana kwa kilo 900. Gogo la kilo 250 haliendi popote. Na oili yenyewe ni kidogo, jeki mbili zikijaa hazifiki lita moja. Pampu ya lita 40 kwa dakika inazijaza kwa sekunde moja na nukta.

Kwa hiyo anayekwambia upate oili nyingi hajapiga hesabu. Swali lako ni oili ipite wapi, na mkono wa dereva uwe wapi wakati inapita.

#4 MwanaMufindi

Shikamoo mzee. Pampu ni ya gia, kitabu kinasema lita 43 kwa dakika. Vali ya loda imechukua oili kwenye pampu kupitia bloku ya pembeni, kisha inaendelea kwenye vali za nyuma na jeki za kunyanyulia jembe.

#5 MzeeWaSpana

Marahaba. Basi ni senta wazi. Njia zote tatu zinawezekana kwako. Tulia nikuandikie jioni, niko chini ya gari.

#6 Rift_Hay

Mimi niko Uasin Gishu, ninabeba marobota ya nyasi na ya sileji. Nilifunga vali ya kuchepusha na sijutii hata kidogo.

Inafanya hivi: ina milango sita. Miwili inapokea hozi za kupindua kutoka vali ya loda, miwili inaenda kwa jeki za kupindua, miwili inaenda kwa kucha. Bila umeme, oili inaenda kupindua kama kawaida. Ukibonyeza kitufe, solenoidi (sumaku ya umeme) ya volti 12 inasukuma spuli, ile fimbo ya ndani ya vali inayogeuza njia ya oili, na leva ileile ya kupindua sasa inafungua na kufunga kucha. Inakaa pale mbele kwenye bomba linalounganisha mikono ya loda, kwa hivyo hozi mpya ni fupi. Hugusi pampu, hugusi laini kubwa. Na kwa sababu imekaa baada ya vali ya loda, haijali kama mfumo ni wazi au umefungwa.

Utamu wake mwingine ni kwamba unabana polepole kwa leva, si kwa kishindo. Robota la sileji ukilibana vibaya unapasua plastiki, na hewa ikiingia chakula cha ng'ombe kimeoza.

Ubaya ni mmoja. Huwezi kupindua na kubana kwa wakati mmoja. Kwangu si neno, nabana kwanza, nainua, naenda.

#7 MwanaMufindi

Asante sana ndugu yangu. Hapo kwenye kupindua na kubana kwa pamoja ndipo nawaza. Gogo linapokuwa kwenye rundo huwa nalikokota kwa ncha huku napindua, maana limelaliwa na wenzake.

#8 MzeeWaSpana

Nimerudi. Rift_Hay ameeleza vizuri, na kwa marobota ningemfungia hiyohiyo. Kwa magogo nina neno.

Nilifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la miwa, mashine za kupakia miwa kwa kucha zilipita mikononi mwangu usiku na mchana. Kitu kimoja nilichojifunza: waya hukatika. Unatingishika, unakwaruzwa na chuma, panya anautafuna, vumbi linaingia kwenye plagi. Sasa jiulize swali moja kwa kila njia: waya ukikatika gogo likiwa juu, dereva akavuta leva, kitatokea nini?

Kwenye vali ya kuchepusha: dereva amebonyeza kitufe, anaamini leva yake inafungua kucha. Umeme haupo, spuli imerudi. Leva ileile sasa inapindua. Gogo lililokuwa tuli hewani linainama mbele kwa ghafla, au linarudishwa nyuma kwake. Hakuna kilichomwonya. Kwa robota lililo usawa wa magoti unashtuka tu. Kwa gogo la mlingoti juu ya lori, na watu wamesimama kulipanga, huo ni msiba.

Kwenye vali ya kazi ya tatu: anabonyeza, hakuna kinachotokea. Kucha zimebaki zilivyokuwa. Anashusha loda, anatafuta waya.

Kwenye plagi za nyuma hakuna waya kabisa. Hilo ni jema lake kubwa na nalisema wazi. Lakini mkono wa kulia unaacha leva ya loda na kwenda nyuma ya kiti kutafuta leva nyingine, macho nayo yanafuata mkono. Tena leva nyingi za nyuma zina kishikizo, ukiisukuma mpaka mwisho inang'ang'ania pale. Jeki imefika mwisho, oili haina pa kwenda, rilifu inapiga mluzi, na oili inapata moto.

Kwa kazi yako mimi ningeweka kazi ya tatu. Tofauti ya bei ni kubwa, sikatai. Umesema mwenyewe dereva ni nani.

#9 KijanaWaTela

Mzee umenigusa hapo kwenye kishikizo. Imenitokea mara nyingi, nilidhani pampu imechoka. Kumbe ni leva.

#10 DadaWaMilingoti

Naomba niongeze kwenye kazi ya tatu, maana sisi ilituharibikia na nisingependa imkute mwingine.

Tulinunua vali, fundi akaifunga mbele ya vali ya loda. Ilikuwa na milango mitatu mikubwa: wa kuingilia, wa kurudi tangini, na wa tatu umezibwa kwa plagi. Fundi akaunganisha pampu kwenye mlango wa kuingilia, na mlango wa tangini akaupeleka kwenye vali ya loda ili oili iendelee. Tukawasha, kucha zikafanya kazi vizuri. Tukashangilia. Dereva alipoinua loda na mzigo, ubavu wa vali ukatema oili kama bomba la mvua, injini yote ikaloa.

Ule mlango wa tangini haukujengwa kubeba presha. Loda inapofanya kazi, presha yake inarudi nyuma mpaka pale. Oili ya kuendelea inatakiwa kutoka kwenye mlango ule uliozibwa, wenyewe wanauita pawa biyondi. Unatoa plagi, unaweka kiungo chake maalumu kinachotenganisha njia ya presha na njia ya tangi ndani ya vali, halafu hozi ya tangini inakwenda peke yake moja kwa moja tangini. Hozi tatu, si mbili. Fundi akikwambia mbili zinatosha, msimamishe.

#11 MzeeWaSpana

Dada umesema kweli tupu. Nimeona vali iliyopasuka kabisa kwa kosa hilo.

Na viungo jamani. Nusu inchi ya BSP (kipimo cha Kiingereza) na nusu inchi ya NPT (cha Kimarekani) zote zina nyuzi 14 kwa inchi. Zinaingiana, unakaza, unaona sawa. Lakini pembe ya uzi wa BSP ni digrii 55, wa NPT 60. Zitavuja, na ukizidisha kukaza utapasua mlango wa vali. Usizibe kwa tepu nyeupe ya mabomba ya maji. Kipande kikikatika kikaingia kwenye spuli, vali inanasa, na ikinasa kucha zikiwa wazi au zimefunga hujui. BSP iliyonyooka tumia washa ya Dowty, ile ya chuma yenye mpira katikati.

#12 Massey_275

Wakuu samahani naingilia uzi. Mimi nina Massey 275 ya zamani, haina pampu ya pembeni. Naweza kutoa oili ya loda na kucha kwenye pampu ya ndani?

#13 MzeeWaSpana

Itatoka, lakini kidogo, na hutaipenda. Pampu ile ya pistoni imezama kwenye oili ya nyumba ya gia ya nyuma, inazungushwa na shafti ya PTO (ile ya kuendeshea mashine za nyuma), na ilitengenezwa kwa ajili ya kunyanyua jembe. Kazi ya loda ya kutwa nzima inaitesa.

Kwako ningefikiria pampu ya kuvalisha kwenye PTO, yenye gia ya kuzidisha mwendo na tangi lake. PTO ya 540 mara tatu ni mizunguko 1,620. Pampu ya cc 25 kwa mzunguko inakupa lita 40 kwa dakika. Kwenye bar 180 inakula kama pawa 16, trekta lako linazo. Tangi lisipungue lita 40, na likifika 60 ni bora zaidi, lipate muda wa kupoa. Fungua uzi wako tuongee, huu tumwachie mwenyewe.

#14 MwanaMufindi

Nimesoma yote mara mbili, nikamsomea na mdogo wangu. Kwa kuwa hozi za plagi za nyuma zilikuwa za bei nafuu na zitatumika baadaye kwa kazi nyingine, tumeanza nazo kwa majaribio wakati natafuta vali. Jozi ya mita 7, robo tatu ya siku kuzipitisha chini ya chesisi mbali na ekzosi.

Kucha zinabana kweli. Kuona gogo limekamatwa na kijana hajashuka kwenye kiti, moyo ulitulia.

Lakini mzee alichosema kuhusu mkono nimekiona kwa macho yangu. Nilisimama pembeni asubuhi nzima. Kila gogo, mdogo wangu anaachia leva ya loda, anageuza bega, anapapasa nyuma ya kiti. Sekunde mbili ambazo haangalii mbele. Saa tano hivi leva ikanasa kwenye kishikizo, tukasikia mluzi, tukadhani ni bearing. Tulipogusa tangi, mkono ulirudi wenyewe. Nimeagiza vali ya kazi ya tatu.

#15 DerevaWaZamani

Vijana, mkiwa mnatafuta mvujo kwenye hizo hozi, msipitishe mkono. Hata ukiwa na glovu.

Mwaka fulani nilikuwa nashika hozi ya loda nisikie inapovujia, injini inanguruma. Nikahisi kama nimechomwa na mwiba kwenye kidole cha shahada. Nilipovua glovu kulikuwa na kidoti kimoja, hata damu haikutoka. Nikaendelea na kazi. Jioni kidole kilikuwa kama ndizi, kigumu, cheupe. Daktari alipoambiwa ni oili ya presha hakungoja kesho, alinipasua usiku uleule kuisafisha, kwani oili ilikuwa imepanda hadi kiganjani. Kidole ninacho, lakini hakikunji.

Tumieni kipande cha boksi kwenye fimbo. Oili ikikichora, umeona mvujo. Na mtu akichomwa, hata kama haumwi, ni hospitali saa hiyohiyo, na aseme wazi kwamba ni oili ya presha, asidhaniwe amechomwa na mwiba.

#16 Rift_Hay

Mzee pole sana. Nimeiprinti hii, naibandika kwenye stoo.

MwanaMufindi, ukishafunga, nunua kapla za uso bapa kama utakuwa unavua kucha na kurudisha uma. Zile za chuchu zinaweka vumbi la mbao mdomoni, na ukichomeka vumbi linaingia ndani. Uso bapa unafuta kwa kitambaa tu.

#17 MzeeWaSpana

Na weka vali ya kushikilia, ile inayofungwa na presha yenyewe, karibu kabisa na jeki. Hozi ikipasuka au injini ikizima, kucha zinabaki zimebana. Gogo likiwa juu, hiyo ndiyo inayolinda kichwa cha mdogo wako. Ila kumbuka: kwa sababu inashikilia, presha inabaki ndani hata trekta likizimwa. Kabla ya kufungua kiungo chochote shusha loda chini, fungua kucha, zima, kisha legeza nati taratibu.

Rilifu ya kucha uiweke chini kidogo ya ile ya trekta, na ikae upande wa jeki wa hiyo vali ya kushikilia, siyo kabla yake. Dereva akisukuma rundo huku kucha zimefunga, nguvu ya trekta nzima inaingia kwenye fimbo za jeki. Ikikosa pa kutokea, fimbo zinapinda.

#18 MwanaMufindi

Wakuu, narudi na matokeo. Wiki ya tatu sasa.

Vali imefungwa kati ya pampu na vali ya loda. Pawa biyondi inaenda kwenye loda, tangini kuna hozi yake ya pekee, kama dada alivyoelekeza. Fundi alitaka kutumia hozi mbili. Nilimwonyesha ujumbe namba 10, akasoma, akaenda kununua ya tatu. Umeme tumepitisha kwenye rilei na fyuzi, waya uko ndani ya bomba la plastiki mpaka kwenye vali. Vitufe viwili vipo juu ya leva ya loda, cha kushoto kufungua, cha kulia kufunga. Hozi za kucha ni za inchi tatu kwa nane, waya tabaka mbili, zinazobeba bar 330, wakati geji yetu inasoma 175.

Siku ya kwanza kucha zilifunga kwa kishindo, magamba ya paini yakaruka. Tukaweka kikaba cha kupunguza mtiririko, sasa zinafunga kwa sekunde tatu hivi, anaona anachokishika.

Tumejaribu na lile swali la mzee. Gogo nusu mita toka chini, hakuna mtu karibu, nikachomoa fyuzi, nikamwambia mdogo wangu abonyeze kufungua. Kimya. Kucha hazikusogea, loda ikashuka vizuri.

Ana tabia moja tunaisahihisha: anaendelea kubonyeza hata kucha zikishabana. Wakati huo oili yote inapitia rilifu na loda haipati kitu, anadhani loda imekufa. Nimemwambia abonyeze, aachie.

Na nyuma tumefunga uzito wa zege, kwa sababu kucha zenyewe zina kilo zaidi ya 200 na matairi ya nyuma yalikuwa mepesi.

#19 KijanaWaTela

Hongera sana mkuu. Nami naanza kujipanga. Urefu wa hozi za mbele ulipimaje? Zangu za kwanza zilikatika pale kwenye kiungo cha mkono.

#20 MwanaMufindi

Usipime loda ikiwa chini. Inyanyue mpaka juu kabisa, itegemeze kwa nguzo imara za chuma, mtu asikae chini yake. Pindua mbele mpaka mwisho, fungua kucha zote, pima kwa kamba ukifuata njia hozi itakapopita. Halafu rudisha nyuma mpaka mwisho, funga kucha, pima tena. Chukua kipimo kirefu, ongeza kiganja kimoja. Kisha zungusha loda taratibu mwendo wote huku mwenzako anaangalia kwa mbali kama kuna mahali hozi inabanwa au inakunjwa. Zetu tulizipitisha juu ya pini ya mkono badala ya pembeni, na tukazifunga klampu moja kabla ya pini na moja baada yake.

#21 KijanaWaTela

Nimeelewa. Jumamosi napima.